Jiwe nililookota Magadi ni gumegume?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mwezi uliopita niliokota jiwe karibu na Ziwa Magadi. Ganda ni jeupe, ndani ni la kijivu, na ukingo wake ulinikata kidole. Babu anasema ni gumegume, kama la bunduki za zamani. Kaka anabisha: gumegume ni la Ulaya. Nani mkweli? – Msomaji, Ngong

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi niko upande wa babu. Kaka naye ana lake, maana mawe ya bunduki yalichongwa sana Brandon, Uingereza, na mengi yakaletwa Afrika. Lakini hilo lako ni ndugu yake wa damu: yote mawili ni silika, yaani madini yale yale ya mchanga mweupe, yenye chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Kwa hiyo humeguka kama chupa nene, na kuacha makali ya wembe. Likwaruze kwenye kioo, utaona kioo ndicho kinachoumia.

Walipotofautiana ni kuzaliwa. La Uingereza lilikulia chini ya bahari, ndani ya chokaa, kutokana na mabaki ya sponji na viumbe vingine vyenye silika. Lako ni mtoto wa magadi haya haya tunayotia kwenye maharagwe! Maji makali ya magadi huyeyusha silika ya mawe ya volkano. Baadaye silika hiyo hutuama ikawa tope jeupe, laini kama unga uliokandwa. Mwanajiolojia Hans Eugster alilieleza mwaka 1967, na madini yake yakaitwa magadiaiti. Sodiamu, ile chumvi ya magadi iliyomo ndani yake, ikishachujwa na maji, hubaki jiwe. Mara ya kwanza kuliona nilidhani ni mfupa, kwa ule weupe wake. Tazama ganda vizuri: mikunjo kama ngozi ya mamba ni kumbukumbu ya siku lilipokuwa laini likisinyaa.

Huko Olduvai, Tanzania, ziwa la namna hiyo lilitoa mawe kama lako, na zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita watu wa kale waliyamegua wakapata visu.

Sasa nakuomba jambo moja. Chunguza upande bapa: kuna kivimbe kidogo karibu na ukingo, na makovu ya kumegwa mfululizo? Ukiyaona, huenda mkono wa mtu ulilifanyia kazi. Liandikie mahali hasa ulipolitoa, usilioshe, ulipeleke Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Na ukirudi Magadi, mengine yaache yalipo.