Ruta hufupisha njia au huzijumuisha?

Swali: Ninafundisha mitandao ya kompyuta katika chuo cha ufundi, na sasa ninaandaa kitini kwa Kiswahili cha OSPF, itifaki ambayo ruta (vifaa vinavyoelekeza data kati ya mitandao) huitumia kuchagua njia. Nimeandika hivi: “Ruta ya mpakani imefupisha njia nane kuwa moja, kisha imeunganishwa na eneo 0 kwa kiungo bandia.” Mwenzangu anasema sentensi hii inapotosha. Kosa liko wapi?

Jibu: Sarufi yako haina doa, mwalimu. Kinachopotosha ni maneno mawili, na la kwanza ndilo baya zaidi.

Mtu akiambiwa fulani “amefupisha njia”, anaelewa kwamba kakatiza: kaacha barabara kuu, kapita uchochoroni, kafika mapema. Katika somo jingine ungesamehewa, lakini si katika OSPF, itifaki ambayo hata jina lake limetokana na kutanguliza njia fupi kuliko zote. Mwanafunzi akisoma kwamba ruta imefupisha njia, ataamini imepunguza gharama ya safari ya pakiti, yaani kipande cha data kinachosafirishwa. Wapi! Kilichopungua ni orodha.

Tazama ruta yako ya mpakani, iliyo kati ya eneo moja la mtandao na jingine, inachofanya. Ndani ya eneo lake kuna mitandao minane, kuanzia 172.16.8.0/24 hadi 172.16.15.0/24. Badala ya kuitangaza mmoja mmoja kwenye eneo 0, lile eneo kuu linalounganisha mengine, inatoa tangazo moja tu linaloifunika yote: 172.16.8.0/21. Majedwali ya ruta za upande wa pili yanakuwa mepesi, na mtandao mmoja ukizimika huku ndani, kule nje hakuna anayeshtuka. Pakiti yenyewe inasafiri umbali uleule. Pengine hata zaidi: eneo likiwa na ruta mbili za mpakani zinazotoa tangazo lilelile, ruta iliyo nje huelekea kwa ile iliyo karibu nayo, ingawa mtandao unaotafutwa umekaa jirani na ile nyingine. Hapo njia uliyosema “imefupishwa” imerefuka.

Ningeandika “imejumuisha njia nane katika tangazo moja”. Maneno “katika tangazo moja” usiyaache, kwa sababu siku hizi wengi hutumia kujumuisha kwa maana ya kutia ndani tu, na “ruta imejumuisha njia nane” ikisimama peke yake itasomeka kama ruta iliyoziongeza mahali fulani. Wala usiteleze ukaandika kujumlisha. Huko ni kutafuta jumla, kazi ya hesabu, na hapa hakuna namba inayojumlishwa na nyingine.

Wapo wanaopendelea “muhtasari wa njia”. Neno muhtasari ni zuri, ila liwekee akiba. Utalihitaji utakapofika kwenye matangazo ya aina ya 3, yanayopeleka habari za mitandao ya eneo moja kwenye eneo jingine, ambayo Kiingereza huyaita ya muhtasari. Ruta ya mpakani hutoa matangazo hayo hata pale isipojumuisha chochote: mitandao minane, matangazo manane. Kiingereza kimeyabebesha mambo hayo mawili neno lilelile, na wanafunzi huvurugikiwa kila mwaka. Sisi tunayo mawili. Sioni sababu ya kurithi mkanganyiko usio wetu.

Sasa bandia. “Viungo bandia” vina wenyewe tayari: ni miguu na mikono wanayotengenezewa waliopoteza yao. Na kwenye intaneti, kiungo bandia ni kile anachokutumia tapeli ili akuibie nywila. Andika kiungo pepe, wingi viungo pepe. Neno pepe halipokei kiambishi cha ngeli, na halihitaji “cha” mbele yake, kama ambavyo hatusemi “barua ya pepe”.

Utapingwa kwamba pepe katika barua pepe lina maana ya kielektroniki, na kwenye mtandao wa kompyuta kila kiungo ni cha namna hiyo. Pingamizi ni la haki. Ndiyo maana pale neno linapotokea mara ya kwanza ulieleze: kiungo pepe hakina waya wake chenyewe, bali hupita ndani ya eneo la kati, toka ruta moja ya mpakani hadi nyingine, ili eneo lisilogusana na eneo 0 lihesabiwe kuwa limeungana nalo. Baada ya maelezo hayo, msomaji hatakumbuka barua pepe tena.

Kuhusu “ruta hii, ruta hizi”, uko sawa, usikubali “maruta”.

Kisha kuna hiyo “kisha” yako, ambayo mwenzako hakuigusa. Inapanga matukio: njia zijumuishwe kwanza, kiungo kifuate. Lakini kabla ya kiungo, ruta hiyo haikuwa imefika eneo 0, na tangazo lake la njia nane lisingekuwa na pa kwenda. Geuza: “Ruta ya mpakani imeunganishwa na eneo 0 kwa kiungo pepe, na imejumuisha njia nane katika tangazo moja.”