Ukinzani ukisoma sifuri, angalia nyaya kwanza

Wadogo zangu mnaoanza maabara ya fizikia, Julai 2023 sikulala vizuri. Tarehe 22 watafiti wa Korea Kusini waliweka mtandaoni makala wakidai wamepata supakondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote, na eti hakihitaji baridi: kinafanya kazi hadi nyuzi 127 za Selsiasi, kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa. Wakakiita LK-99, mchanganyiko wa madini ya risasi, fosfeti na shaba kidogo, uliookwa kwa nyuzi 925. Tangu mwanafizikia Kamerlingh Onnes aone ukinzani wa zebaki ukitoweka kule Leiden, Uholanzi, mwaka 1911, kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri, watu wanatafuta supakondakta isiyohitaji baridi. Furaha ile ilikuwa halali kabisa. Asiwazimie mtu furaha ya namna hiyo, maana ndiyo itakayowakesha na tanuri.

Ila sifuri ina njia nyingi za kuja. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa napoza sampuli usiku, ukinzani ukaporomoka ghafla hadi sifuri. Nikamwita mwalimu wangu mbio. Akaniambia, "Pasha tena, usiguse kitu." Sampuli ikarudi kwenye joto la chumba, sifuri imeganda pale pale. Tulipofungua, nyaya mbili za kupima volti, nyembamba kama unywele, zilikuwa zimejikunja na kugusana, na zikigusana kipimo husoma sifuri tu.

Kwa LK-99 mtego ulikuwa mgumu zaidi kuuona. Ukinzani ulishuka kwa ghafla karibu na nyuzi 104, na waliobobea kwenye kemia ya shaba wakaitambua namba hiyo: sulfidi ya shaba hubadili umbo lake la ndani kwenye joto hilohilo, na ukinzani wake huporomoka. Mapishi yenyewe yalikuwa yakiiacha ndani ya sampuli kama taka. Watafiti hao pia walionyesha video ya kipande kikielea juu ya sumaku, kama supakondakta ifanyavyo; lakini kilinyanyuka upande mmoja tu, upande mwingine umeegemea sumaku. Usumaku wa kawaida unatosha kufanya hivyo.

Kwa hiyo ukiona mporomoko, geuza mkondo wa umeme upime tena. Tazama na kipimo cha grafu yako, maana ukichora kwa vipimo vikubwa hata waya wa shaba utaonekana sifuri. Piga sampuli eksirei ujue kuna taka gani, halafu pima taka hiyo peke yake. Hatua hii ya mwisho wengi huiruka, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote.

Kundi la Taasisi ya Max Planck kule Stuttgart lilifanya kazi hiyo kwa upande wa pili: likakuza fuwele za LK-99 bila salfa kabisa, hivyo bila ile sulfidi ya shaba. Zikatoka za zambarau, mwanga unapenya, ukinzani wake mamilioni ya omu (kizio cha ukinzani). Kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme.