"Make" si kutengeneza

SWALI: Naandika ripoti za kazi kwa Kiingereza. Juzi msimamizi wangu alikata "I did a mistake" akaweka "I made a mistake". Shuleni tulifundishwa kwamba "do" ni kufanya na "make" ni kutengeneza. Sasa kosa linatengenezwaje? Naomba kanuni moja nyoofu, au orodha nikariri yaishe.

JIBU: Msimamizi wako yuko sahihi. Aliyekupoteza ni huyo aliyekwambia "make" ni kutengeneza. Maswali ya namna hii hunifikia kila mara, na karibu yote yamezaliwa na sentensi hiyo moja.

Hebu ijaribu. Kampuni ikipata hasara, Mwingereza husema "make a loss". Imetengeneza nini hapo? Anayesema "I made the bed" asubuhi hajashika randa wala msumeno, katandika shuka tu. Kupiga simu ni "make", kupiga kelele ni "make", kutoa ahadi ni "make", kupata marafiki ni "make", kufunga safari ni "make" tena. Piga, toa, pata, funga, tandika: hakuna hata kimoja kinachokufikisha kwenye karakana.

Nasi tunafanya yaleyale bila kushtuka. Tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga magoti, tunapiga picha. Mgeni akikuuliza picha imekosa nini hata ipigwe, utacheka. Kanuni huna ya kumpa. Utamwambia picha hupigwa, basi. Kitenzi cha namna hiyo kimekwisha kupoteza uzito wake, na maana yote imehamia kwenye nomino.

Kwa hiyo anzia kwenye nomino. Acha kujiuliza "make" maana yake nini, jiulize "mistake" hutembea na kitenzi gani. Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth alishalisema hili mwaka 1957: neno utalijua kwa wale linaoandamana nao. Fungua kamusi ya wanaojifunza Kiingereza kwenye "mistake", usome ile mifano ya herufi za mlazo ambayo wengi huiruka. Kisha andika "make a mistake" yote kwenye daftari kama neno moja, pamoja na hicho ki-"a" chake.

Mwelekeo upo, sikatai. Nomino nyingi za kusema na kuamua, kama "decision", "promise", "suggestion" na "complaint", hupenda "make". Nyingi za kazi na shughuli, kama "homework", "research" na "business", huenda na "do". Lakini kabla hujafurahi: "advice" hutaka "give", "photo" hutaka "take", na hiyo "decision" yenyewe Waingereza huipa "take" pia. Ukiufanya mwelekeo huu kuwa kanuni, utarudi kwangu na swali jingine.

Na hizo orodha! Kila siku kuna mtu anauza vitenzi 500 vya kukufanya uongee kama Mwingereza ndani ya siku 30, kila kitenzi na tafsiri yake moja, kimetengwa na wenzake wote. Orodha za visawe ndizo mbaya zaidi, na programu za kubadilisha maneno zinazokuahidi Kiingereza cha kisomi hufanya kosa lilelile, ila kwa kasi. Michael Halliday, aliyekuwa mwanafunzi wa Firth, alionyesha mwaka 1966 kwamba chai kali ni "strong" wala si "powerful", ilhali gari lenye nguvu ni "powerful". Maana zinakaribiana kabisa, ila kila neno lina marafiki zake. Mwuza orodha hakuelezi hilo, kwa sababu haliingii kwenye safu mbili za jedwali.

Niliwahi kuhariri ripoti ya mtu mwenye akili timamu na Kiingereza kizuri tu, nikakuta mvua kubwa imeandikwa "weighty rain". Mwanzoni alikuwa ameandika "heavy rain", akaona ni neno la kitoto. Nilipomuuliza, alinionyesha orodha aliyoilipia: "heavy" na "weighty" mstari mmoja, na alama ya sawasawa katikati.