Barua kwa mwanangu: wali wa mafundi haukulogwa

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa nachambua mchele, nikaurudia usiku baada ya kufunga hesabu. Unauliza kama huko chuoni Marekani uichukue lishe na sayansi ya chakula iwe maina yako, yaani fani ndogo ya pili pembeni ya kemia, au ni kujitwika mzigo wa bure. Halafu ukachombeza: "Mama lishe ni wewe, wewe ndiye wa kuniambia."

Nilicheka peke yangu. Nilipoanza kupika pale Ilala tulikuwa mama ntilie tu, maana mteja akifika anasogeza sahani na kusema nitilie. Hilo la mama lishe ni la kistaarabu, la kwenye risala za wakubwa. Nimeitwa hivyo miaka yote hii, na lishe yenyewe hakuna aliyewahi kunifundisha. Najua moto na chumvi, na mteja wa kukopeshwa namjua kwa anavyovuta benchi.

Ila kuna jambo sikukusimulia vizuri. Unaikumbuka ile tenda ya mafundi wa ghorofa, ulipokuwa darasa la tano? Watu arobaini, wali maharage, malipo kila Ijumaa. Siku moja nikahofia kuchelewa, nikapika wali tangu jioni. Sufuria kubwa, nikaifunika, juu ya mfuniko nikaweka jiwe paka asifunue. Chumba chetu kile unakijua, Februari hata shuka hulitaki. Asubuhi nikaupasha, nikapalia makaa juu mpaka ukoko ukanukia. Haukuwa umechacha, nilionja kijiko. Saa saba wakala. Saa tisa haijafika, mafundi kama tisa wanatapika nyuma ya rundo la kokoto. Tenda ikafa siku ileile. Wakatokea wa kuniambia nimechezewa na mwenzangu wa meza ya pili, na mimi, Mungu anisamehe, nikaamini. Miaka na miaka nimemsalimia yule mama shingo upande.

Sasa mwezi uliopita ukanipigia kunihadithia somo lako la kwanza la usalama wa chakula. Ukasema kwenye mchele kuna bakteria, Bacillus cereus, wenye mbegu ngumu zisizokufa kwa kuchemka. Wali ukikaa saa nyingi kwenye joto la kawaida, zile mbegu zinaamka, zinazaana, zinaacha sumu. Ukija kupasha, bakteria unawaua, lakini sumu inabaki palepale, moto wa jikoni hauiwezi. Wali unaweza kunukia vizuri tu, na aliyekula akatapika ndani ya nusu saa mpaka saa sita. Mimi nikanyamaza, ukadhani mtandao umekata. Nilikuwa nahesabu. Saa kumi na mbili jioni mpaka kumi na moja alfajiri ni saa kumi na moja, na joto lote nimelifungia ndani kwa jiwe.

Jumapili yake nilimpelekea mwenzangu chapati sita. Aliuliza za nini, nikamwambia unga ulizidi.

Kwa hiyo ichukue. Lakini shika upande wa sayansi ya chakula, yale masomo ya vijidudu, kemia ya chakula, na maabara nyingi kadiri watakavyokupa. Ya kuhesabu kalori na kupunguza mwili chukua yale ya lazima tu, maana naona huko yanapendwa kuliko yanavyosaidia. Na hayo mazoezi unayolalamikia, yenye vyakula usivyovijua, kuna majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe, na Chuo Kikuu cha Harvard cha hukohuko Marekani. Mwombe mwalimu uyatumie, upimie mchicha wako.

Kuhusu cheo, usijidanganye. Dada yako, binti wa shangazi, aliyesoma Muhimbili, ameniambia maina haikufanyi kuwa mtaalamu wa lishe. Huko uliko, tangu 1 Januari 2024, anayetaka kufanya mtihani wa usajili wa wataalamu wa lishe lazima awe na shahada ya uzamili, na mafunzo ya vitendo juu yake. Hapa nyumbani kazi ya afisa lishe wa halmashauri ni ya waliosomea lishe yenyewe, kama wanaotoka Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro. Wewe ukirudi na kemia yako na hiyo maina, mimi nakuona kiwandani, au maabara ya kupima sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kwenye mahindi na karanga. Nayo ni palepale: unakaanga, unasonga, sumu bado imo. Usalama wa chakula sasa uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, kwa hiyo anza kufuatilia matangazo yao mapema.

Pesa sasa. Ufadhili wako ni wa miaka minne. Kama maina itakuongezea hata muhula mmoja, iache bila kuniuliza tena. Meza yangu haina ubavu wa kulipa muhula wa Marekani. Kaa na mshauri wako, mhesabu somo kwa somo yanayoingiliana na kemia, ndipo ujaze fomu.

Mimi siku hizi wali ukibaki nautandaza kwenye sinia upoe upesi, naupeleka friji ya duka la jirani. Nafasi ikikosekana namwaga, na moyo unaniuma kweli.

Nikuulize na mimi. Maharage naloweka usiku kucha, na kwa joto hili asubuhi maji yanakuwa na povu. Mimi namwaga, naosha, natia mengine. Mwenzangu wa meza ya pili anapikia yaleyale, anasema ndiyo yenye ladha. Muulize mwalimu wako, kisha unitumie kwa sauti, tusikilize wote wawili.

Mama