Jibu: Kodi ya matajiri ya Warren, na kwa nini hakuupata urais

Yakhe, umeuliza kama Elizabeth Warren, seneta wa Marekani wa chama cha Democratic, alitaka kumkamua kila mwenye duka, na mbona urais ulimpita. Hata! Kodi aliyoipendekeza ingeanzia kwenye mali inayozidi dola milioni 50. Mwenye milioni 60 angelipa asilimia 2 ya zile 10 za juu tu, yaani dola laki mbili kwa mwaka. Muuza vitenge wa Darajani hata harufu yake asingeisikia, ingawa pale kijiweni Jaws Corner, Zanzibar, wapo wanaoapa kuwa ni ujamaa mtupu.

Mama huyu hakuzuka tu. Alikuwa profesa wa sheria Harvard, akichunguza watu waliofilisika, na wazo la taasisi ya kuwalinda wananchi na hila za benki lilikuwa lake. Ikaundwa 2010, Warepublican wakamkatalia kuiongoza, akagombea useneta 2012 na akashinda.

Urais? Kwanza ilibidi awashinde wenzake wa Democratic kwenye kura za mchujo. Wapenda mageuzi wengi walikuwa na Seneta Bernie Sanders, waliotaka tu Trump ang'oke wakamkimbilia Biden. Kwenye mchujo wa Machi 2020 akawa wa tatu hata Massachusetts, jimboni kwake, siku mbili baadaye akajitoa. Mimi naona mpango wake wa bima ya afya kwa wote ndio uliomponza: aliulizwa pesa zitatoka wapi, akachelewa kujibu.