Maswali na Majibu: Kufuli na hesabu ya kumbukumbu ndani ya kerneli ya Linux

Maswali yaliyochaguliwa safari hii yote yanahusu jambo moja: namna kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, inavyohesabu kumbukumbu inayotumiwa na programu na makontena (mazingira yaliyotengwa ambamo programu huendeshwa), na gharama inayolipwa pale CPU nyingi zinapotaka kuandika kwenye hesabu moja kwa wakati mmoja.

Swali: Mhandisi, kuhesabu si ni kuongeza namba tu? Kwa nini kazi ndogo namna hiyo ihitaji kufuli, na kwa nini iielemee seva kubwa kuliko ndogo?

Jibu: Kuongeza namba huonekana kama kitendo kimoja, lakini ndani yake mna vitatu, yaani kusoma thamani iliyopo, kuiongeza na kuiandika upya. CPU mbili zikisoma 100 kwa pamoja, zote mbili zitaandika 101, na ukurasa mmoja wa kumbukumbu, yaani kipande kidogo ambacho kerneli huhesabia, utakuwa umepotea katika hesabu. Kidhibiti cha kumbukumbu, yaani sehemu ya kerneli inayohesabu na kuwekea kikomo matumizi ya kila kundi la michakato (cgroup), kilipoingia katika Linux 2.6.25 mwaka 2008, kinga yake ilikuwa spinloki, ambayo ni kufuli ambalo CPU inayolisubiri hailali bali huendelea kulikagua mpaka lifunguliwe. Shida ilizidi makundi yalipopangwa kwa ngazi, kwa kuwa ukurasa unaotozwa kontena, yaani unaoandikwa kwenye hesabu yake, hutozwa pia kundi lililo juu yake, na lililo juu ya hilo, kuelekea kileleni. Makontena mawili yasiyojuana kabisa hukutana kwa mzazi wao, na foleni huanzia hapo. Kila CPU inayoongezwa huirefusha foleni hiyo, tena kwa kungoja kunakotumia umeme na muda bila kuzalisha chochote.

Swali: Nimesoma kwamba kufuli hilo liliondolewa miaka mingi iliyopita. Mbona perf, chombo cha kupima CPU inatumia muda wapi, bado inanionyesha muda mwingi ukiishia kwenye page_counter_try_charge, kazi ya kerneli inayotoza kurasa?

Jibu: Ulichosoma ni kweli. Toleo 3.19, lililotoka mwaka 2015, lilileta kihesabio kipya cha Johannes Weiner kinachotegemea vitendo vya atomiki peke yake, yaani vile ambavyo CPU nyingine haiwezi kuviingilia katikati. Kinaongeza kwanza, kisha kinaangalia kama kikomo kimepitwa, na kikiona kimepitwa kinaondoa kile kilichoongezwa. Njia hii ni nafuu kuliko kulinganisha na kujaribu tena na tena, ingawa ina kasoro iliyoandikwa waziwazi ndani ya msimbo wenyewe: ombi kubwa la MiB 2 lililoshindikana linaweza, kwa kitambo kifupi, kulizuia ombi dogo la ukurasa mmoja ambalo lingestahili kupita, na kulifanya lianze kutafuta kumbukumbu ya kurejesha mapema kuliko ilivyolazimu. Naona makubaliano haya ni ya haki, kwa sababu ukubwa wa kosa unajulikana na una mpaka.

Hata hivyo, kuondoa kufuli si kuondoa ugomvi. CPU ikitaka kuandika, sharti kwanza imiliki mstari wa kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na CPU) wenye namba hiyo, ambao kwenye prosesa za x86 ni baiti 64, na CPU nyingine zote zilazimike kufuta nakala zao. CPU zikiwa nyingi, mstari huo hurushwa huku na huko bila kutulia. Muda unaouona kwenye perf ni wa safari hizo. Kama tatizo lingekuwa spinloki, jina ambalo lingejitokeza juu ya orodha lingekuwa native_queued_spin_lock_slowpath. Tofauti hii ni muhimu kuitambua kabla ya kugusa msimbo wowote, kwa kuwa dawa zake hazifanani.

Swali: Basi dawa ya ugomvi wa kashe ni ipi? Na je, hesabu ikilegezwa, kontena haliwezi kupita kikomo chake?

Jibu: Dawa kuu ni kupunguza idadi ya safari. Badala ya kutoza ukurasa mmoja mmoja, CPU hutoza kurasa nyingi kwa mkupuo na kuziweka akibani, kama mwenye duka anavyochukua katoni nzima kwa muuzaji wa jumla badala ya kurudi huko kwa kila pakiti. Mkupuo huo ulikuwa wa kurasa 32 kwa miaka mingi, na mwaka 2022 ukapandishwa hadi 64, ambazo kwa kurasa za KiB 4 ni KiB 256. Mara nyingi sana ombi linalofuata hukidhiwa na akiba ya CPU yenyewe, bila kugusa kihesabio cha pamoja.

Kuhusu kikomo, ondoa shaka. Akiba hiyo imekwisha kulipiwa kabla ya kutumika, kwa hiyo kihesabio hukosea kwa upande wa kuzidisha matumizi, kamwe si kuyapunguza. Kwenye mashine ya CPU 64, kurasa zilizotozwa lakini hazijatumika zinaweza kufika MiB 16 kama kila CPU imeshika akiba kamili ya kundi hilohilo. Ombi likigonga kikomo, kerneli inaweza kuziagiza CPU zirudishe akiba zao kabla haijafikia hatua ya kuua mchakato. Mwenye makontena ya MiB 32 kwenye mashine kubwa ana sababu ya kulifikiria jambo hili. Mwenye makontena ya GiB kadhaa hana.

Usichanganye akiba hii na percpu_counter, ambayo tangu toleo 6.2 la mwaka 2023 hutumika kuhesabu RSS ya kila mchakato, yaani kumbukumbu halisi ambayo mchakato huo umeishika. Humo kila CPU hushika tofauti yake, ya kuongeza au ya kupunguza, kwa hiyo thamani ya haraka inaweza kukosea pande zote mbili. Mabadiliko hayo pia hayakumfaidi kila mtu: programu yenye nyuzi (threads) nyingi ilipata nafuu, ilhali michakato midogo inayozaliwa na kufa haraka ilibebeshwa kazi ya kutengewa nafasi kwa kila CPU. Anayehitaji kipimo sahihi cha mchakato mmoja asome faili la smaps_rollup la mchakato huo chini ya /proc, akijua kwamba usomaji huo una gharama.

Swali: Naandika moduli yangu ya kerneli. Je, nigeuze vihesabio vyangu vyote viwe vya kila CPU?

Jibu: Hapana. Jiulize kwanza ni nani anayeisoma namba hiyo, na mara ngapi. Kihesabio kinachoandikwa mara milioni na kusomwa mara moja kwa dakika kinafaa kugawanywa. Kinachosomwa kila kinapoandikwa hakifai, kwa kuwa kila usomaji sahihi utalazimika kupita CPU zote. Kisha tumia perf c2c, amri ya perf ya kuchunguza ugomvi wa kashe, kuona ni mstari upi wa kashe unaogombaniwa. Huenda ukagundua kwamba kihesabio chako hakina kosa, ila kimepangwa jirani na sehemu inayosomwa daima na CPU nyingine. Kasoro ya namna hiyo iliwahi kukutwa ndani ya page_counter yenyewe, na mwaka 2022 ikatibiwa kwa kupanga upya sehemu zake na kuweka nafasi tupu kati yake. Kufuli halikuguswa wala hesabu haikubadilishwa.

Swali: Programu yetu ya ufuatiliaji husoma memory.stat, faili la takwimu za kumbukumbu, ya kila kontena mara kadhaa kwa sekunde, na seva inalemewa. Kosa liko wapi?

Jibu: Takwimu za memory.stat hukaa zimetawanyika kwa kila CPU, na anayezisoma huweza kulazimisha zikusanywe kwenye mti mzima wa makundi yaliyo chini, kazi inayofanyika ikiwa imeshika kufuli. Kerneli yenyewe huzikusanya kila baada ya sekunde 2 hivi. Punguzeni usomaji wa memory.stat, na kama mnachotaka ni jumla ya matumizi peke yake, someni memory.current, ambayo huchukua thamani moja kwa moja kutoka kwenye kihesabio cha kundi.