Namba ya kwenye boksi si nguvu ya bunduki

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi kwenye shamba la kabichi huku Lincolnshire, Uingereza. Mwenye shamba amenipa ruhusa ya maandishi nimpunguzie sungura na njiwa wanaomaliza mazao. Dukani nimeonyeshwa bunduki mbili za upepo, zote za springi. Moja ni ya risasi yenye upana wa milimita 4.5, boksi lake limeandikwa futi 1,000 kwa sekunde. Nyingine ni ya milimita 5.5, futi 600 tu, na ndiyo ghali zaidi. Rafiki yangu ananishauri nichukue yenye kasi, kisha kuna mtu anayemjua ataibadilisha springi iweze hata kuangusha wale kulungu wadogo wanaokuja jioni. Baadaye ningependa kurudi nayo nyumbani. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Chukua ya 5.5, na huyo mtu wa springi usimpelekee kitu.

Karibu kila anayeniandikia kuhusu bunduki ya upepo ameshaamini kwamba yenye kasi kubwa ndiyo yenye nguvu. Huku England na Wales, bunduki ya upepo isiyo na cheti cha polisi haipaswi kuzidi futi-pauni 12 (kipimo cha nguvu) risasi inapotoka mtutuni, yaani jouli 16 na ushei. Zote mbili ulizoonyeshwa zimetengenezwa zikaribie hapohapo. Hiyo futi 1,000 hupatikana kwa kutia risasi nyepesi ya aloi, yenye gramu 0.34 hivi, ambayo mwindaji makini haitumii, kwa sababu huishiwa mwendo mapema na upepo huisukuma upendavyo. Tia risasi ya kawaida ya gramu 0.54, kasi inashuka mpaka kama futi 800. Ile ya 5.5, ikiwa na risasi ya gramu 1.04, hutoka kwa futi 580 hivi. Piga hesabu mwenyewe: nusu ya uzito kwa kilo, mara kasi kwa mita kwa sekunde, mara kasi hiyo tena. Kote utakuta jouli zilezile 16. Kwa hiyo boksi linakutajia wepesi wa risasi waliyoipimia, na wewe unadhani limekutajia nguvu.

Nimechagua 5.5 kwa sababu kazi yako kubwa ni sungura. Risasi yake pana hufungua jeraha kubwa zaidi na humwachia mnyama nguvu yake badala ya kumpenya na kupita. Wapo wawindaji wazuri wanaopenda 4.5, hasa kwa njiwa walioko juu ya miti, maana risasi yake huenda kwa mstari ulionyooka zaidi, na ukikosea kukadiria umbali kwa mita chache hupotei mbali. Panya wa ghalani, mita kumi au kumi na tano, yoyote itafaa. Kindi wa kijivu ana fuvu gumu, msogelee kabisa. Mbweha mwache; jouli 16 si silaha yake.

Sungura hupigwa kichwani, kati ya jicho na sikio, na shabaha yenyewe ina upana wa sentimita mbili na nusu hivi. Kwa hiyo kabla hujaenda shambani, bandika karatasi mita 15, halafu 20, halafu 25. Piga risasi tano kila umbali. Ule umbali wa mwisho ambao zote tano bado zinafunikwa na sarafu ya pauni moja, ndio mpaka wako wa kuwinda, hata kama jirani anasema yeye hupiga mita 50. Wanaoanza na bunduki ya springi wengi huishia mita 20, na hakuna aibu. Usiikamate kwa nguvu. Ilaze juu ya kiganja kilicho wazi uiache iruke itakavyo. Pesa itakayobaki nunua makopo ya risasi za aina nne au tano, maana kila mtutu una risasi unayoipenda. (Kama unakula cha halali tu, zungumza na sheikh wako kwanza. Mnyama aliyepigwa vizuri kichwani hufa papo hapo, hutapata muda wa kumchinja.) Na kwa njiwa, soma masharti ya leseni ya jumla ya mwaka huu, yaani ruhusa ya serikali inayotolewa kwa wote bila kuomba: wanapigwa kulinda mazao, si kwa burudani.

Sasa hao wa springi. Pistoni, ile inayosukuma hewa nyuma ya risasi, ikisukumwa na springi kali kuliko ilivyokusudiwa, bunduki nzima huruka kabla risasi haijamaliza kutoka mtutuni. Unaongeza jouli tatu nne na unapoteza shabaha, yaani umeuza kitu pekee kinachoua sungura. Wengine hudondosha mafuta nyuma ya risasi ili yalipuke. Hayo hula sili, ile pete inayozuia hewa isivuje, huvunja springi na kuharibu darubini. Na ukivuka futi-pauni 12 bila cheti, mkononi una silaha haramu ambayo kifungo chake hufika miaka mitano. Aliyekuuzia springi hatakuja mahakamani kukusimamia, wala hatakuombea viza.

Kulungu ndiyo kabisa. Sheria ya Kulungu ya 1991 inakataza kumpiga kwa bunduki yoyote ya upepo, iwe na springi gani. Kulungu mkubwa huku anahitaji bunduki ya baruti yenye futi-pauni zisizopungua 1,700, mara 140 ya hiyo yako. Hata wale wadogo wanaofanana na paa wa kwetu wanataka 1,000. Ukimpiga kwa risasi ya upepo haanguki. Anaingia kichakani na risasi mwilini, kidonda kinatunga usaha, anakufa taratibu pasipo mtu kumwona. Aliyepiga anarudi nyumbani akisema alimkosa.

Napata maswali haya haya kutoka Dar, Arusha na Mombasa: bunduki ya upepo gani inaangusha digidigi, gani inaangusha swala. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inataka leseni ya kuwinda, na digidigi ni mnyamapori kama wengine. Anayewauzia watu video za kuonyesha vinginevyo anawauzia kesi. Yako usiipakie kwenye sanduku la safari kabla hujapata jibu la maandishi la polisi wa nyumbani. Hata Scotland usivuke nayo hivihivi. Kule inatakiwa cheti tangu mwisho wa 2016.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea bunduki iliyotiwa springi mpya, akilalamika kwamba darubini imeharibika. Niliipitisha kwenye kipima kasi ikasoma karibu futi-pauni 15. Darubini haikuwa na neno. Kwenye karatasi, mita 25, risasi tano zilienea upana wa sahani ya chai. Nilimrudishia springi ya kiwandani kabla hajatoka nayo mlangoni, na siku hiyohiyo zile tano zikaingia chini ya sarafu.